Chupa Nne za Njano

Lukosi alikuwa mgeni wa siku mbili mjini pale. Popote alipolala safarini, asubuhi alikimbia na kiroba mkononi, akiokota takataka. Leo maji ya mvua yalikuwa yameifunika barabara ya udongo, na kiroba kilijaa upesi.

Mwanamke aliyekuwa akikaanga vitumbua barazani alikitazama kiroba.

"We kaka, hizo chupa za njano umezitoa wapi?"

"Kule kwenye maji, mama. Zilichomekwa kwenye vijiti. Nimezing'oa zote nne, na vijiti vyake."

"Nani kakutuma? Pale pana mashimo ya mtaro, mifuniko imeibwa! Chupa tumeweka sisi, watu waone pa kupita. Na mume wangu anatoka lindoni saa hizi, kwa baiskeli!"

Lukosi aligeuka na kiroba chake. Alirudi mbio. Shimo la kwanza alilipata kwa kupapasa na kijiti, la pili lilikuwa karibu na nguzo. La tatu lilimmeza mguu hadi pajani. Alijitoa akivuja damu, akachomeka chupa.

La nne hakulikumbuka. Alichoma huku, akachoma kule, kijiti kikagonga udongo mgumu tu.

Kengele ya baiskeli ililia kwenye kona.

"Simama!" alipiga kelele, chupa ya nne ikiwa mkononi.

"Nisimame nini?" mlinzi alicheka bila kupunguza mwendo. "Njia yangu hii, bwana!"

Akazikwepa chupa tatu vizuri, moja baada ya nyingine, akaelekea kwenye maji yaliyotulia.