Ndovu Wanavuka, Mtito Andei

"Dada, ndovu wameingia barabarani hapa Mtito Andei, na wako na mtoto!" dereva wa lori alipaza sauti kwenye simu. "Tangaza haraka, mabasi yanakuja mbio!"

Mtangazaji alikuwa bado hajafika. Kazi ya Ndunge pale redioni ilikuwa kupokea simu za madereva tu. Hata kanisani yeye huomba kwa kunong'ona. Akavuta maikrofoni karibu na kutazama kitufe chekundu, kile ambacho huwaka sauti ikiwa hewani. Akakibonyeza.

"Madereva wangu, tafadhalini, simameni. Ndovu wanavuka na mtoto wao."

Kisha simu ikalia.

"Dada, tumesimama wote! Hata mabasi yamezima injini. Kadogo kameshika mkia wa mamake!"

Ndunge akacheka mpaka machozi yakamtoka. Kitufe kilikuwa bado kinawaka.