Wembe Kisogoni

Munduru alilala mikono imefungwa kamba, kichwa mapajani mwa mama yake, aliyekuwa akimnyoa ili apelekwe kwa mganga kupungwa mashetani.

“Mama, binti yako ametushinda,” mume wa Munduru alisema. “Mchana anasinzia na chakula mdomoni, usiku anatukimbiza na panga.”

“Nyamaza, baba. Mshike nisimkate.”

Wembe ulipofika kisogoni, vidole vya mama vilikuta tezi zimevimba, zikiteleza chini ya ngozi kama maharage yaliyoiva. Tezi kama hizo alizigusa shingoni mwa marehemu mumewe, ugonjwa wa malale, ule wa mbung’o, ulipompanda kichwani na ndugu zake wakamfunga nguzoni wakisema amerogwa.

“Mfungue!” alipiga kelele. “Lete baiskeli, twende hospitali!”

Munduru alifumbua macho.

“Karibu, mgeni,” alimwambia mama yake. “Umetoka wapi?”