Kipimo cha Verlon

Magoti yangu hayakufika. Gitaa la chuma la Verlon limelala mbele yako kama meza, na chini yake vinaning'inia vyuma viwili vya kusukuma kwa magoti ili nyuzi zilie. Alivifunga kwa kipimo chake mwenyewe, na Verlon alikuwa na miguu ya korongo.

Bendi yetu ilikuwa haijapiga tangu tumzike, na sasa mimi ndiye nilikalia kiti chake. Bila kilio cha gitaa lile, wacheza dansi wa Jumamosi wangehamia ukumbi mwingine, nasi tungebaki wazee wanne wenye kofia kubwa.

"Nyoosha miguu," alisema mjane wake, aliyelileta gitaa kwa pikapu.

"Imeishia hapa, shemeji."

"Verlon alisema wewe ni nusu mtu. Nikadhani anakutania."

Spana ya kusogezea vyuma nilikuwa nayo mkononi. Lakini kwenye chuma cha kushoto rangi ilikuwa imebanduka pale goti lake liliposugua miaka yote, na pamekuwa laini kama kijiko cha zamani. Nikikisogeza, hakuna atakayejua tena Verlon alikaaje.

"Tuazime jingine," nikasema. "Hili lirudi nyumbani."

"Likafanye nini? Nimechoka kulipangusa vumbi."

Akaninyang'anya spana, akapiga magoti chini ya gitaa huku akiguna. Akaweka kiganja pale palipobanduka, akakaa hivyo hata mpiga ngoma akaacha kukaza ngoma zake.

Kisha akalegeza nati.

"Haya," akasema bila kuinua uso. "Lete hilo goti lako."