Rangi ya Kijani

Watoto waliooga pwani walikuwa wakiharisha, na kikundi cha kutunza ufuo kilitaka kujua choo cha nani kinavuja. Kila siku walimwaga rangi ya kijani katika choo cha nyumba moja, kisha wakashuka kuangalia kama itatokea baharini. Bi Raya, kiongozi wao, alikuwa amekwisha kumhukumu Faki, jirani yake mwenye mkahawa. Hata salamu zake alikuwa haitikii tena. Lakini choo cha Faki hakikutoa rangi.

Leo ilibaki nyumba ya Bi Raya mwenyewe. Alimwaga rangi ili kukamilisha orodha tu, akavuta maji, akashuka.

Bahari ilikuwa imekupwa. Faki alikuwa pale, amekunja suruali, akiokota chupa pamoja na wanakikundi.

Salha, mwandishi wa kikundi, ndiye aliyeona kwanza. Chini ya ukuta wa mawe, maji ya kijani yalikuwa yakichuruzika mchangani. Alifungua daftari, akaishikilia kalamu bila kuandika.

Faki aliinua kichwa. Aliyatazama maji yale, akamtazama Bi Raya.

"Sabalkheri, Bi Raya," alisema, kama alivyosema kila asubuhi.

Bi Raya alifumbua mdomo. Kijani kilikuwa kimeshafika kwenye vidole vya miguu ya Faki, wala hakusogea.