Bunduki Aliyoisifu Bingwa

Hapo kale, si kale sana, wanyama walipokwisha kupata simu, Nguchiro alikuwa amechoka, na aliyemchosha ni Ngedere. Kila wakicheza ule mchezo wa vita vya kisiwani, ambao timu inayobaki hai mwisho ndiyo inayoshinda, Ngedere aliacha kila kitu akakimbilia bunduki kubwa ya kudungua. Na kila mara alikufa ameikumbatia.

"Kuijaza risasi moja tu ni safari ya konokono," Nguchiro alimwambia. "Chukua ile ndogo, ndugu yangu. Leo ni fainali ya msitu mzima."

"Wewe hujui silaha. Kicheche, bingwa mwenyewe, anaisifu kila siku."

Fainali ikaanza. Ngedere akaiona bunduki yake imelala peupe, haina mwenyewe. Nguchiro akamkataza mpaka sauti ikamkauka, lakini sikio la kufa halisikii dawa. Alipoinama tu kuiokota, bastola ikalia kichakani mara tatu, na Nguchiro, aliyemfuata kumwokoa, akalambwa risasi ya nne.

Wakaweka simu chini, wakaenda kumpa Kicheche mkono wa pongezi.

"Umetuua kwa bastola," Ngedere alisema, haamini. "Na ile bunduki unayoisifu?"

"Silaha nzuri sana ile," Kicheche alijibu. "Naiweka mahali peupe, nanyi mnakuja wenyewe."

Nguchiro akashusha pumzi, akidhani sasa yamekwisha.

"Umesikia?" Ngedere alimnong'oneza. "Hata bingwa anaitumia."