Umande Juu ya Kioo

Mzee Aikaeli alipoinua mkono, nilidhani anamtaka jogoo.

Ibada ilikuwa imekwisha, na ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye uwanja wa kanisa. Waumini walikuwa wametoa ndizi, mayai na kuku vinadiwe kwa ajili ya yatima. Mimi, mpiga picha, nilitoa picha ndani ya fremu ya kioo: jani la isale, mmea wa kupandwa mipakani, lenye umande, nililoliona alfajiri kwenye mpaka wa shamba fulani la migomba. Nililipendea umande tu.

"Hiyo ya jani," alisema Mzee Aikaeli. "Naichukua mimi."

Hakuna aliyeongeza bei.

"Nikufungie kwenye gazeti, mzee?"

"Hapana. Iache hivyo hivyo."

Aliibeba kwa mikono miwili, akapita katikati ya kuku, akaenda moja kwa moja kwa dada yake mkubwa. Hawakuwa wamesalimiana tangu walipogombania shamba la baba yao. Watu wakageuka kutazama. Kwetu huku, ukiletewa isale umeombwa msamaha, na isale haikataliwi.

Lakini hii ilikuwa picha, si jani lenyewe.

"Shikamoo, dada," alisema, akapiga goti kwenye majani mabichi.

Dada hakuitikia. Aliitazama picha kwa muda mrefu, huku ukungu ukipita kati yao kama moshi wa jikoni. Kisha akanyoosha kidole gumba na kulipangusa jani, taratibu, kutoka shinani hadi nchani.

Akakigeuza kidole, akakitazama.

Kilikuwa kimelowa umande.