Kiredio Kilichokataa Nyimbo

"Hakuna kitu," Mzee Okemwa alisema, akakiweka kiredio chekundu juu ya meza ya Fred kama mtu anayerudisha sufuria iliyotoboka. "Jumamosi ya tatu hii imepita. Kanisa mzima tumesimama, nikabonyeza, ikanyamaza tu."

Fred alivuta pumzi. Alikuwa mtu wa Homa Bay mwenye saiba ndogo, duka la kompyuta, hapo Marani, na juu ya mlango wake kulikuwa na bango: FUNDI WA KOMPYUTA, SIMU NA SHIDA ZOTE. Cheti chake cha miezi sita alikitundika mahali ambapo mteja asingeweza kukikosa hata akitaka. Na sasa kidude cha memori kadi kinachoenea kiganjani kilikuwa kinamuaibisha mbele ya soko zima.

Ijumaa ya kwanza alilaumu virusi, akasafisha kompyuta. Ya pili akalaumu waya, akanunua mwingine. Ya tatu akalaumu kadi, kanisa likanunua mpya. Kila mara muziki wa nyimbo za ibada ulianza kuingia vizuri, kisha jua likazama kazi ikiwa katikati na mzee akachomoa waya. Sabato huingia Ijumaa jua likizama, na Okemwa hakukubali mashine imfanyie kazi hata dakika moja ndani ya siku ya Mungu.

Ilimchukua fundi wa shida zote wiki tatu nzima kushuku huko kuchomoa.

Wiki hii hapakuwa na nafasi ya kukosea. Mama Orpah, karani wa kanisa, alikuwa amemwambia waziwazi kwamba kiredio kikikataa tena, ratiba zote za mazishi za waumini zitachapishwa kwa Ochoki, ng'ambo ya barabara. Ratiba za mazishi ndizo zilizomlipia Fred kodi ya duka.

"Mzee, si nilikutumia ujumbe uje saa nane?"

"Niliupata."

"Na sasa ni saa kumi na mbili."

"Kuchuma majani chai hakukuisha mapema." Okemwa aliketi kwenye benchi, akatoa kipande cha tangawizi mfukoni, akakitafuna polepole. Akasafisha koo na kuanza kuimba kwa sauti ya chini, wimbo ulioanzia mahali pamoja na kuishia kwingine kabisa. Msichana aliyekuwa akichapa barua ya kuomba kazi alivaa spika za masikioni.

Fred alichomeka waya na kuanza kueleza kwa ile sauti ambayo watu huwawekea watoto na wazee.

"Mzee, hii ni kama kumimina uji kwa chupa. Ukiondoa chupa kabla uji uishe kushuka, unamwagika. Ngoja kompyuta iseme imemaliza, ndiyo uchomoe. Tumeelewana?"

"Unamwagika wote?" Okemwa aliuliza. "Ama ni ile ya mwisho tu?"

Fred alitabasamu kwa huruma. "Unaweza kumwagika wote, mzee. Hata zile zilikuwa zimeingia."

"Eeh," alisema Okemwa, akitikisa kichwa kama mwanafunzi mzuri.

Saa kumi na mbili na dakika ishirini nyimbo zote arobaini zilikuwa ndani. Fred alichomoa waya kwa utaratibu, akabonyeza, na piano ikajaa dukani, safi, kila noti mahali pake. Aliona aibu ya wiki tatu ikimtoka mwilini. Okemwa alisikiliza ameinamisha kichwa na midomo imelegea. Maskini, Fred aliwaza, teknolojia imemzidi.

"Ni nzuri sana," mzee alisema hatimaye, kwa sauti ya mtu aliyefiwa. Alitazama saa yake, akatazama nje, jua lilipokuwa likigusa migomba. "Lakini ile ya kufunga ibada umesahau. Niongezee hiyo moja."

Fred alikuwa na hakika aliiweka, ila furaha ilikuwa imemlainisha, na wimbo mmoja haukuwa kazi. Akachomeka tena. Mstari wa kijani ukaanza kutambaa kwenye skrini.

Okemwa aliinuka, akafika mezani, akavuta waya.

"Sabato imeingia," alisema.

"Mzee, si nimekueleza? Umeharibu zote. Lete nirudishe, ni dakika chache tu."

"Saa ya Mungu si ya kujaribu mashine, kijana wangu." Kiredio kilikuwa tayari mfukoni mwa koti. "Kesho tutaona."

Akatoka akiimba, kwa sauti kubwa kidogo kuliko alivyoingia. Fred alibaki ameushika waya, akiwahurumia watu wote wanaozaliwa bila akili ya kompyuta.

Jumapili asubuhi Mama Orpah aliingia na kiredio mkononi. Fred hakungoja salamu.

"Mama, kabla useme, ni yule mzee. Nimemweleza kama mtoto, haelewi."

"Sikuja kukugombeza." Alikiweka kiredio mezani. "Ratiba tutapeleka kwa Ochoki, hiyo nilikwambia. Na hii mashine tumeiacha. Wazee wa kanisa wamekaa jana, wakasema basi, turudi tu kwa Okemwa."

"Kwa Okemwa kufanya nini?"

"Kutuanzishia nyimbo. Miaka ishirini na mbili ni yeye alikuwa anatuanzishia, na hakuna siku hata moja tulimaliza na yeye pahali pamoja. Hii kiredio tulinunua kwa sababu ya hiyo sauti yake." Mama Orpah alitikisa kichwa, akielekea mlangoni. "Tulidhani atakasirika. Lakini yule ni mtu wa roho safi sana. Ni yeye mwenyewe aliomba apewe hiyo kazi ya kukuletea kila Ijumaa."